Nimemwogesha, nimefukiza ubani, bado sebule inanuka mbwa

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa barazani kwangu hapa Pasua, Moshi, kwa sababu ndani hakukaliki. Usinicheke. Shida yangu ni mbwa.

Mbwa mwenyewe anaitwa Simba, na wala si wangu. Alikuwa wa marehemu baba mkwe, kule Marangu. Mzee alipofariki mwaka jana, mume wangu alirudi mjini na vitu viwili vya baba yake: fimbo na Simba. Fimbo haina matata. Simba ana miaka 9 kwa hesabu za mume wangu. Tulimjengea banda uani, akawa analia usiku kucha mpaka majirani wakalalamika. Masika yakaingia, banda likajaa maji, akahamishiwa sebuleni "kwa siku mbili tu". Hizo siku mbili sasa zina miezi mitatu.

Shangazi, nyumba inanuka. Sisemi ile harufu ya mbwa aliyelowa, hiyo nimeshaizoea. Kuna nyingine, kali, kama dagaa waliooza, inakuja na kuondoka. Simba anaweza kuwa amejilalia zake, mlango ukabamizwa na upepo, akashtuka, basi palepale tunasimama wote tunafungua madirisha. Nilidhani ni chakula, maana alikuwa anakula ugali wa pumba na dagaa. Nikaacha dagaa, nikawa namchemshia mapupu ya buchani. Wiki mbili nzima. Dagaa hawamo ndani ya nyumba lakini harufu yao imo.

Nimemwogesha kila baada ya siku mbili kwa sabuni ya unga ya kufulia. Sasa manyoya yamekuwa magumu kama brashi, usiku anajikuna, anatikisa kichwa mpaka masikio yanapiga makofi. Nimefukiza ubani. Nimepuliza manukato ya chumbani hadi mtoto akaanza kukohoa. Kuna kona nyuma ya kochi aliyoikojolea siku za mvua. Nimeipiga deki kwa jiki mpaka macho yakatoka machozi, lakini hewa ikiwa na unyevu tu harufu inarudi. Jirani mmoja kaniambia nimpake oili chafu ya gari. Mwingine kasema nimpeleke kwenye josho la ng'ombe. Mume wangu yeye anasema, "Mbwa ni mbwa, ulitaka anuke nini?" Akimwona anajiburuza makalio kwenye kapeti anacheka, anasema hiyo ni minyoo, atamnunulia dawa. Mpaka leo hajanunua.

Mwezi ujao binti yetu anapata komunyo ya kwanza. Mama mkwe anashuka kutoka Marangu kukaa nasi wiki mbili, na mawifi watakuwepo. Mama mkwe ni mtu ambaye akiingia kwako anapitisha kidole juu ya kabati. Nikisema Simba aondoke, itaonekana nimemfukuza mzee kwa mara ya pili. Nikinyamaza, mchafu ni mimi, maana hakuna atakayesema mume ndiye mchafu.

Naomba uniambie: ni sabuni gani inayomaliza kabisa harufu ya mbwa?

Niliyehamia Barazani, Moshi

*

Marahaba mwanangu, na pole. Hiyo sentensi yako ya mwisho kuhusu nani ataitwa mchafu imenigusa kuliko hata mambo ya mbwa, nitairudia.

Sabuni nitakutajia. Lakini soma tena barua yako taratibu, kama vile imeandikwa na mtu mwingine. Mbwa ananuka dagaa hata asipokula dagaa. Harufu hailali nyumbani, inakuja ghafla, hasa akishtuka. Na anajiburuza makalio kwenye kapeti. Mwanangu, umeshaeleza ugonjwa wenyewe vizuri kuliko wengi wanaomfuata daktari. Kilichobaki ni kuujua jina.

Mbwa ana vifuko viwili vidogo vya tezi, kimoja kila upande wa tundu la haja kubwa, chini kidogo. Ukichora uso wa saa hapo, vipo penye tarakimu 4 na 8. Ndani yake mna majimaji yenye harufu kali mno, ya samaki aliyeoza au ya chuma kilicholowa. Ndiyo kitambulisho cha mbwa. Wanaposalimiana kwa kunusana nyuma, wanasoma hapo. Kwa mbwa mzima vifuko hujikamua vyenyewe kila anapojisaidia choo kigumu. Choo kikiwa laini siku nyingi, au mbwa akinenepa, au ngozi yake ikiwa na mzio, vifuko havikamuliki. Vinajaa, majimaji yanakuwa mazito kama uji, mbwa anahisi kuwashwa na kubanwa, ndipo anajiburuza. Akishtuka, vinajibana vyenyewe na kumwaga kidogo. Hapo ndipo mnapokimbilia madirisha. Kisha tone lile linabaki kwenye kapeti lako, na wewe unamlaumu dagaa wa watu.

Kwa hiyo unaweza kumwogesha Simba asubuhi na jioni mpaka mama mkwe afike, na bado atanuka, kwa sababu harufu haiko kwenye manyoya.

Dawa yake ni daktari wa mifugo kuvikamua. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye ujuzi. Usijaribu mwenyewe, na usimruhusu kijana yeyote wa mtaani ajaribu: kifuko chenye usaha kikibanwa vibaya kinapasuka, na mbwa mpole kuliko wote atang'ata anapoguswa panapouma. Ukiona uvimbe mwekundu pembeni ya tundu, au damu, usingoje wiki iishe. Na mume wako hajakosea kabisa, mpe haki yake. Minyoo nayo humfanya mbwa ajiburuze, hasa tegu, ambaye vipande vyake huonekana kwenye choo au kwenye manyoya ya nyuma kama punje za mchele. Tegu huyo mbwa humpata kwa kumeza kiroboto. Kwa hiyo dawa ya minyoo apewe, na viroboto watafutwe, kwani una watoto wanaokaa kwenye kapeti hilohilo. Lakini minyoo hainuki dagaa.

Tuje kwenye kichwa. Unasema anakitikisa mpaka masikio yanapiga makofi. Huenda ni ngozi iliyokauka kwa sabuni, nitafika huko. Ila leo jioni, taa ikiwa nzuri, mfunulie sikio moja moja uchungulie na unuse. Sikio zima halina harufu ya kutajwa. Likiwa na nta ya kahawia iliyokolea, na harufu ya chachu, kama pipa la mbege lililosahauliwa siku tatu, hapo kuna fangasi. Fangasi huyu anaishi kwenye ngozi ya kila mbwa bila kuleta shida, lakini akipata joto na unyevu ndani ya sikio lililofunikwa anazaliana ovyo. Na wewe umekuwa ukimmwagia maji kichwani kila baada ya siku mbili, katikati ya masika! Usiingize pamba ya kijiti, usimwagie spiriti wala siki. Daktari lazima kwanza aangalie kama ngoma ya sikio ni nzima, maana kuna dawa ambazo zikipita pale zinaleta uziwi.

Halafu mdomo. Mbwa wa miaka 9 aliyekula ugali laini maisha yake yote, sidhani meno yake yamewahi kuangaliwa na mtu. Inua mdomo wa juu kwa pembeni utazame magego. Ukiona ukoko wa njano au kahawia na fizi nyekundu, umepata harufu ya pili. Ukoko ule hautoki kwa kuswaki. Huondolewa na daktari, mbwa akiwa amelazwa usingizi. Na dawa yetu ya meno asipewe kabisa, kwa kuwa mbwa hatemi, anameza, na nyingine zina utamu wa zailitoli ambao kwake ni sumu. Jambo moja zaidi hapa: pumzi ya mbwa mzee ikinuka mkojo, mwambie daktari waziwazi, huenda ni figo. Ikinuka tunda lililoiva kupita kiasi, huenda ni sukari. Hayo nayo hayaoshwi kwa sabuni.

Niliwahi kuwa na jike mmoja, nikamfanyia hivi hivi unavyofanya. Shampuu, poda ya mtoto, mpaka majani ya mchaichai chini ya mkeka wake. Miezi minne. Siku daktari alipokuja kumchoma chanjo ya kichaa cha mbwa, alimfungua mdomo tu, akanitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Gego lilikuwa limeoza hadi kwenye taya. Kumbe muda wote ule nilikuwa nampaka poda mgonjwa.

Sasa sabuni. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu, na haina uasidi kama wa ngozi yetu, kwa hiyo hata sabuni yako ya kuogea haimfai, sembuse ya kufulia. Sabuni ya unga imetengenezwa ili ing'oe mafuta kwenye nguo. Kwa Simba imeng'oa mafuta yanayoilinda ngozi. Ngozi ikakauka, ikapasuka, akajikuna, kwenye michubuko vijidudu wakaingia, na vijidudu hao wana harufu yao. Yaani kila ulipomwogesha ulikuwa unapanda mbegu ya harufu ya kesho. Acha kabisa kwa wiki tatu. Baadaye mwogeshe mara moja kwa mwezi, au akigaagaa kwenye kitu kichafu, kwa shampuu ya mbwa. Ulizia kwenye maduka ya dawa za mifugo. Suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha mkaushe kwa taulo mpaka kwenye ngozi, siyo juu juu.

Huko kukausha ndiko watu wanakopuuza, nami nakuomba ukushikilie. Harufu ya mbwa aliyelowa haitoki kwenye maji ya mvua. Bakteria na fangasi wanaoishi kwenye manyoya wanaacha taka zao pale. Mbwa akiwa mkavu taka hizo zimetulia, akilowa, maji yanapopaa angani yanazibeba hadi puani kwako. Ukimkausha upesi unaikata katikati. Weka taulo kuukuu msumarini karibu na mlango wa uani, taulo la Simba peke yake, na watoto wajue kwamba halali mtu wala mbwa kwenye kapeti akiwa amelowa.

Oili chafu ya gari, hapana. Imejaa masizi na mabaki ya vyuma, na mbwa hujilamba. Mafuta ya taa, hapana vilevile, yanaunguza ngozi na yakiingia mapafuni yanaua. Josho la ng'ombe, hapana: dawa ile imepimwa kwa ajili ya ng'ombe. Kupe wa mbwa wana dawa ya mbwa. Hao majirani zako nia yao ni njema, waambie ahsante na uendelee na safari yako.

Ile kona nyuma ya kochi imenitisha kidogo. Macho yako hayakutoa machozi bure. Mkojo ukikaa unatoa amonia, na jiki ikikutana na amonia inazaa hewa yenye sumu inayochoma macho na mapafu. Ikikutana na siki inazaa nyingine mbaya zaidi. Usirudie, hasa na mtoto anayekohoa ndani. Na sababu ya harufu kurudi kukiwa na unyevu ni kwamba kwenye mkojo kuna chembe za asidi ya yuriki ambazo haziyeyuki kwa maji ya kawaida. Zinalala ndani ya vitundu vya saruji. Hewa ikilowa, zinaamka. Unachohitaji ni vimeng'enya vya kuvunja uchafu mwingine wa mkojo ulioshikamana nazo.

Sasa uone Mungu alivyo na utani. Sabuni za unga za kufulia, zile zilizoandikwa kwenye pakiti kwamba zina vimeng'enya, ndizo zitakazokusaidia hapo. Ulikuwa na dawa ya sakafu, ukampaka mbwa. Ukawa na dawa ya nguo nyeupe, ukapaka sakafu. Suuza kwanza kona kwa maji matupu mara tatu au nne, mpaka pasibaki hata dalili ya jiki, kwani jiki inaviharibu vimeng'enya. Acha pakauke siku nzima. Kisha koroga sabuni kwenye maji ya uvuguvugu, sehemu moja ya sabuni kwa tisa za maji, mwaga ya kutosha ili izame kina kilekile mkojo ulichozama, funika kwa kitambaa kilicholowa, uiache usiku kucha. Asubuhi suuza, kausha kwa upepo. Huenda ukarudia mara mbili. Kapeti, kama linabebeka, litoke nje likafuliwe na lianikwe siku ya jua kali. Mvua zikipungua Juni jua la Moshi linapatikana, ila la asubuhi usilitegemee, mlima unalificha kwa mawingu. Likishakauka, nyunyiza bekingi soda usiku, ifagie asubuhi.

Hujaniambia Simba analalia nini. Nabashiri ni kipande cha godoro. Kama ndicho, kitupe leo. Sponji inakunywa kila kitu na haikauki ndani. Shuka Memorial kwenye mitumba, nunua mablanketi mawili mepesi, moja likiwa chini yake lingine liko kwenye kamba. Yafue kila wiki, mbali na nguo za watoto. Mkanda wa shingoni nao uuoshe, huwa unasahaulika na unanuka kuliko mbwa mwenyewe.

Wapi alale? Sitakuambia umtoe nje moja kwa moja, ingawa najua hapa kwetu mbwa mahali pake ni uani na wageni wako watatamka hivyo kabla hawajavua viatu. Mzee wa miaka 9 aliyefiwa na bwana wake, akahamishwa kutoka mlimani, halafu banda likajaa maji, ana sababu zake za kulia usiku. Nyanyueni banda juu ya matofali, sakafu iwe ya mbao zenye nafasi katikati, bati livuke ukuta kuzuia mvua ya upepo. Mama mkwe akishuka mwombe aje na mzigo wa majani makavu ya migomba kutoka kihambani, kama yale wanayowatandikia mbuzi. Yanapasha joto, yanabadilishwa bila gharama, na yatakuwa na harufu ya kwao, jambo ambalo kwa mwenye pua kama ya Simba si dogo. Ahame kidogo kidogo: kwanza barazani, mlango ukiwa wazi, kisha bandani.

Nimefika kwa mume wako. Wewe umekuwa ukimwambia, "Simba ananuka." Yeye kila akisikia hivyo, anasikia unamsema baba yake. Badilisha maneno. Mwambie, "Baba nanii, Simba anaumwa." Mweleze vile vifuko, mwonyeshe masikio, mfunulie magego ayaone kwa macho yake. Mwanaume atakayecheka mbwa akijiburuza ni wengi, lakini atakayeacha mbwa wa marehemu baba yake aumwe huku akijua, sidhani kama ndiye uliyeolewa naye. Mpe na kazi yenye tarehe: ampigie daktari wiki hii, aje nyumbani, aangalie nyuma, masikio, meno, ampe dawa ya minyoo, na kama chanjo ya kichaa cha mbwa imepita mwaka, imalizwe siku hiyohiyo. Asipomjua daktari, aulizie ofisi ya mifugo ya manispaa.

Kuhusu mama mkwe, usingoje apitishe kidole. Pua ikishakaa na harufu inaacha kuisema, na hata wewe, pamoja na malalamiko yako, umeshazoea nusu yake. Jumapili moja shindeni wote kwa ndugu huku nyumba imefungwa, mkirudi wewe uingie wa kwanza na uvute pumzi moja tu. Pumzi hiyo ndiyo ya mama mkwe. Utajua pamebaki wapi. Naye akifika, mwambie mapema, tena mbele ya mwanawe: "Mama, Simba alikuwa mgonjwa, tumemtibu." Mwanawe aitikie. Hapo lile suala la nani mchafu halina pa kukaa, na usikubali kulibeba peke yako. Wewe ndiye uliyemchemshia mapupu mbwa wa ukweni wiki mbili.

Ubani uache kwa sasa, utachanganya pua yako kabla daktari hajaja. Akiondoka niandikie uniambie ilikuwa ni sikio, ni jino, au ni huko nyuma. Mimi dau langu nimeliweka huko nyuma.

Shangazi yako